Chazo wa Babu na Tangi la Sebuleni

Babu yangu alikuwa na samaki aliyefungwa kamba mkiani. Hakuwa samaki wa kula. Alikuwa chazo, yule mwenye kisahani utosini, ambaye akikigandamiza kwenye kitu habanduki. Kamba ilikuwa ya usumba, nyembamba, na ncha yake ya pili ilifungwa kwenye kigingi cha mkoko, mahali ambapo hata maji yakipwa sana hapakauki. Kila asubuhi babu alishuka na vipande vya dagaa, akampa kimoja kimoja, akakagua mkia kuona kama kamba imemchubua. Ukichubuka, hakwenda baharini siku hiyo.

Kisiwa chetu ni Chovae, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vinavyofuatana kutoka Kismayu kuteremkia mpaka wa Kenya. Wapo wanaoandika Tovai. Sisi t nyingi za Kiswahili kwetu ni ch: tatu tunasema chachu, tano tunasema chano, na kisiwa jirani ambacho wengine wanakiita Tula kwetu ni Chula.

Chazo alikuwa wa kuvulia kasa. Mvuvi akimwona kasa amelala juu ya maji, alimwachia chazo na kamba yake. Chazo alimwendea, akamnata gambani, na kamba ikavutwa taratibu. Kadiri unavyomvuta kwa nyuma ndivyo kisahani kinavyozidi kushika. Wageni waliona ajabu: mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, aliwaandikia wataalamu wa wanyama wa London habari za uvuvi huu wa mwambao wetu. Leo kasa wanalindwa na sheria, na ni haki walindwe, maana wamepungua mno. Mimi simlilii kasa wa kuchinjwa. Ninachokumbuka ni ule ujuzi wa kumweka samaki hai kwa miezi, pasipo chombo chochote cha kumwekea. Siku moja nilipojaribu kumbandua kwenye ubavu wa mtumbwi, babu alinishika mkono. "Usimvute, mwanangu. Ukimvuta ndipo anaposhika. Msukume mbele." Nikamsukuma mbele, akaachia papo hapo.

Mwaka 1992 tulihama. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, na vita vilipofika pwani ya Kismayu hapakuwa na wa kututetea. Tuliingia mashuani, tukapita Lamu, tukaishia Mombasa, katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Nilikuwa fundi wa vyombo, nimejifunza kuchonga mataruma na kutia kalfati. Mombasa nilipata kibarua kwenye karakana ya seremala, na jirani yake alikuwa mkata vioo. Ndiko nilikokutana na matangi ya samaki.

Pwani ya Kenya ina biashara ya zamani ya samaki wa mapambo. Wazamiaji huwakamata kwa nyavu ndogo kwenye miamba, kisha husafirishwa wazima kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Wachache hubaki mjini, kwa watu wanaopenda kuwa na kipande cha bahari nyumbani. Mmoja wao, mwenye nyumba Nyali, alitaka tangi kubwa. Mkata vioo akakubali kioo, mimi nikakubali stendi.

Nilijenga kama mtu wa vyombo. Chombo hupinda. Mawimbi yakikikunja, mbao hulegea kidogo, mataruma hufuata, na pamba ya kalfati ikishalowa hufura ikaziba nafasi. Mimi nilizoea mti unaosamehe. Nikatumia mbao laini za saipresi, nikazipigilia boriti ubavuni mwa miguu, uzito wote ukaning'inia kwenye skrubu. Tangi lilikaa siku tisa. Usiku wa kumi kona moja ilishuka kiasi ambacho jicho halioni, na kioo kikapasuka kutoka chini hadi juu. Tulifika alfajiri tukakuta kitatange wawili wamekufa juu ya zulia, rangi yao ya manjano bado haijafifia. Sijasahau wale samaki. Walitolewa kwenye mwamba wao wakiwa wazima, wakafa kwa sababu ya skrubu zangu.

Baada ya hapo nilikaa kimya miaka kadhaa bila kugusa tangi la mtu. Nilipoanza tena nilijenga langu mwenyewe, nyumbani kwangu Kisauni, ili likipasuka lisimuumize mwingine. Nilipiga hesabu kwanza. Urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60: hizo ni lita 648. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya kisima, lita moja hukaribia kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yanapita kilo 660. Kioo cha milimita 12 kwa ukubwa huo kinakaribia kilo 120. Ongeza mchanga na mawe. Ni kama watu wazima kumi na wawili wamesimama kwenye eneo la kitanda chembamba, usiku na mchana, bila kushuka.

Stendi nikaifanya ya mbambakofi, mti ule ule tuliouheshimu kwa vyombo. Miguu sita ya inchi 4 kwa 4, na boriti zimelala juu ya miguu, hazikuning'inizwa ubavuni, ili uzito ushuke moja kwa moja sakafuni. Nikapima kwa pimamaji, kisha sikuiamini peke yake, nikapima tena kwa mpira mwembamba uliojaa maji, kona kwa kona. Juu ya ubao nikatandika stairofomu, ili chembe ya mchanga isije ikawa kisu chini ya kioo. Vioo tukavigandisha kwa silikoni ile inayonuka siki, tukaiacha siku saba. Kisha tukalijaza maji ya bomba uani, tukalala nalo hapo siku tatu kabla ya kuliingiza ndani.

Maji ya bahari tuliyachota ufukweni maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mitungi 30 ya lita 20. Hapo ndipo nilipomwelewa babu kuliko wakati wowote. Samaki akitoa taka zake na chakula kikioza, tangi hujaa amonia, nayo ni sumu. Vijidudu visivyoonekana huigeuza nitriti, kisha nitrati, na vijidudu hivyo huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Ukitia samaki kabla ya hapo unamtia kaburini. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki nayo, kwa hiyo unaongeza maji baridi, si ya chumvi. Umeme ukikatika usiku, unaamka kuwasha pampu ya betri. Kazi yote hiyo, kwa kigingi kile cha Chovae, ilifanywa na kupwa na kujaa, mara mbili kwa siku, na hakukukatika hata siku moja.

Mwaka juzi mvuvi mmoja aliyejua ninakotoka aliniletea chazo mchanga ndani ya ndoo, urefu wa kiganja na nusu. Nilimtia tangini. Alizunguka mara mbili, akajibandika kwenye kioo cha mbele, tumbo kule, kisahani kikitutazama sisi. Miaka yote ya babu sikuwahi kukiona upande huo. Huo ndio upande anaouona kasa. Vibao vyembamba viwili viwili vimepangwa kama vya dirisha la shata, nikahesabu jozi 23, vikiinuka na kulala. Wajukuu wakabandika viganja vyao kwenye kioo, sawasawa naye.

"Babu, tutamtoaje?" mdogo aliniuliza.

Alikaa siku nne. Hakula. Hakuwa na wa kumfuata, wala mkondo wa kumpitia, ila kioo. Siku ya tano nilimshika mkono yule mdogo, tukauingiza majini pamoja, tukamsukuma chazo mbele kidogo. Akaachia. Tukampeleka ufukweni kwa ndoo maji yakiwa yamejaa.

Chazo akikua hukaribia mita moja. Tangi langu lina mita moja na sentimita 80, na stendi yake haijashuka hata unywele. Wanaweza kukaa humo kitatange na kangaja wadogo. Chazo, mahali pake si humo.