Mguu Ulipona, Parsele Ikabaki

Ushuhuda huu ninautoa kwanza kwa Mungu, kisha kwa akina mama wa kikundi chetu cha Kasungami, hapa Annexe, waliosimama na nyumba yangu mwaka 2024. Wengi hushuhudia ugonjwa ulioondoka. Mimi nashuhudia deni la kufilisi ambalo halikuingia.

Mume wangu ni mwashi. Annexe ndiyo komuni inayouzunguka mji wa Lubumbashi, na kila mwaka nyumba mpya zinaongezeka upande wa Kalebuka, Kisanga na Luwowoshi, kwa hiyo mwashi hakosi kazi. Anachokosa ni mkataba. Siku asiyojenga, hapati kitu. Mimi nauza unga wa mahindi sokoni kwa kipimo cha meka. Parsele yetu, yaani kiwanja tunachokaa, ilinunuliwa kwa feza ambayo baba yangu alipewa alipoondoka kampuni ya madini ya Gécamines, katika ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza 2003, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa mara moja wakaenda nyumbani. Baba alikulia kwenye kambi ya wafanyakazi, ambako kampuni ilitoa posho ya unga, hospitali na shule. Sisi watoto wake tunaishi mahali ambapo hakuna kampuni ya kutuuguza.

Katika mvua za mwanzo wa 2024, mume wangu aliteleza juu ya mbao za ujenzi akaanguka. Mguu ulivunjika vibaya, mfupa ukaonekana. Hospitali tuliyomfikisha ilitaka sehemu ya malipo kabla ya kumpasua, na sisi hatukuwa nayo. Mwezi huohuo unga ulikuwa umepanda bei. Ukame ulikuwa umeunguza mashamba ya Zambia, hata serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa, na sisi wa Lubumbashi tunakula unga mwingi unaopita mpaka wa Kasumbalesa. Mtaji wangu ulikuwa tayari umepungua, na ule uliobaki tuliula. Shule ya msingi ya serikali haitozi ada tangu 2019, basi wadogo waliendelea kusoma. Lakini mkubwa wetu alikuwa sekondari, na huko asiyelipa hurudishwa nyumbani.

Mtu akiwa katika hali hiyo, milango miwili hufunguka upesi sana. Mmoja ni wa wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita Bank Lambert: unachukua dola 100 leo, na mwezi ukiisha wanadai 150. Ukishindwa, riba nayo inazaa riba. Mlango wa pili ni kuuza parsele. Mnunuzi alinifuata hadi kwenye kitanda cha mgonjwa, feza mkononi, akitaja bei ambayo haikufika hata nusu ya thamani yake. Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Mgonjwa wako akilia kwa maumivu, huna nguvu ya kubishana bei.

Jioni ile alikuja Mama Prezida wa kikundi chetu pamoja na mwenzake mmoja. Walimtazama mgonjwa, wakaongea na wauguzi, wakaomba karatasi ya malipo. Nilipomwambia Mama Prezida habari ya parsele, alinishika mkono: “Mama, muguu njo yenye kuvunjika, si parsele. Usiuzishe. Feza ya kuanzia iko.” Kesho yake asubuhi walilipa wenyewe kwenye kasha ya hospitali, na mume wangu akapasuliwa.

Nieleze feza ile ilitoka wapi, kwa sababu haikuanguka mbinguni. Kikundi chetu ni AVEC, chama cha kuweka na kukopa, mfano ulioanza mwaka 1991 kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE. Tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa akina mama watatu tofauti. Ndani mna mifuko miwili. Wa kwanza ni wa akiba: unaweka, unakopa, unarudisha na faida ndogo, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Wa pili ni wa msaada. Kila kikao kila mmoja anaweka kiasi kilekile kidogo, awe muuza makala ya kupikia au mwenye duka, na mfuko huo hatuugawani. Unangoja ugonjwa, kilio, nyumba iliyoungua. Feza yake haina riba. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mchango wa mama mmoja haununui hata dawa ya maumivu, lakini michango ya wote iliufungua mlango wa chumba cha upasuaji.

Haikutosha kulipa kila kitu, nami nataka hilo lijulikane. Deni lililobaki hospitalini nililimaliza kwa mkopo wa mfuko wa akiba, nikaulipa kidogokidogo. Majirani wa jumuiya yetu ya parokia walileta unga na makala hadi mume wangu alipoanza kutembea. Kaka yangu alilipa ada ya mtoto. Kila mmoja alishika upande wake, na nyumba haikuanguka.

Leo mume wangu amerudi kazini. Hapo ndipo ninapotaka msomaji aangalie. Shida yetu ilikuwa na mwisho wake, kwa maana mfupa huunga. Ambacho kingedumu ni kile ambacho tungefanya kwa hofu: riba isiyokwisha, mtoto aliyeacha shule, maisha ya kupanga chumba cha mtu baada ya kupoteza jasho la baba yangu. Feza kidogo iliyofika asubuhi ile ilifanya kazi ambayo feza nyingi ya mwaka uliofuata isingeweza kuifanya, maana parsele ikishauzwa hairudi.

Sasa na mimi ni miongoni mwa wanaotumwa kutazama wagonjwa. Tunakwenda siku hiyohiyo, tunalipa pale penye deni, na hatumwombi mtu asimulie shida zake mbele ya kikao. Lakini sanduku letu lina mpaka. Familia mbili zikipigwa juma moja, linabaki tupu. Kipindupindu kikiingia mtaani, sote tunakuwa wahitaji pamoja. Kwa hiyo ninawaomba maparokia na makanisa, wenye maduka na wenye kampuni za hapa Lubumbashi, na watoto wetu walio mbali: mnapotaka kusaidia, jazeni mfuko kabla ya msiba, mahali ambapo wenyewe wanajua nani amelala hospitalini usiku huu. Nanyi akina mama wa mitaa isiyo na sanduku, msingoje mradi uwajie. Anzeni na mnachoweza kuweka juma hili, na mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba sehemu yake ni ya yule atakayeanguka.