Mgonjwa Akisema Sitaki

Tuseme kweli, vijana wenzangu. Wengi wetu tunajifunza muziki tupate makofi. Nani alinunua nyuzi za gitaa akiota kumpigia mtu mmoja aliyelala, ambaye hata shingo hawezi kuinua? Mimi hapana. Nilishika fidla nikiwaza jukwaa la taarabu, suti, na noti za kutunzwa.

Basi mwalimu wetu hapa Unguja alipotangaza kwamba baadhi yetu tutafunzwa kuwapigia wagonjwa wodini, tulidhani mchezo. Kumbe ndilo darasa gumu kuliko yote! Siku za mwanzo ala hatukuzigusa. Tulifunzwa kunawa mikono, kupangusa ala, kumwuliza sista nani kalala na nani ana maumivu. Tukafunzwa kusimama pale mgonjwa anapokuona bila kugeuka, kutazama kifua chake kinavyopanda na kushuka, kuanza na mwendo ule ule, halafu kuupunguza taratibu. Na kunyamaza, kabla hajachoka.

Jambo lenyewe si geni. Kule Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili iliyokamilika 1488 ilikuwa na wanamuziki wake. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika habari zake katika karne ya 17, anasema walikuwa kumi, nao walipiga mara tatu kwa juma. Miongoni mwao mlikuwa na mpiga nai na mpiga udi, ala tunazozijua katika taarabu yetu. Na bibi zetu hapa pwani walijua kwamba ngoma ya pepo haipigwi kwa ajili ya watazamaji. Hupigwa kwa ajili ya mgonjwa.

Lakini somo lililonikaa ni la kuomba ruhusa. Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani nilimwamkia, akaitikia. Nikamwuliza, "Babu, nikupigie kidogo?" Akaitazama fidla, akanitazama mimi.

"Sitaki mie."

"Haya babu, ugua pole." Nikaondoka.

Nje, mwenzangu akanung'unika: mazoezi yote yale, bure? Sista aliyekuwa akipita akatusikia.

"Wanangu, yule tangu alfajiri kachomwa sindano, kapimwa, kageuzwa, kanyweshwa uji. Hakuna aliyemwuliza. Nyie ndio wa kwanza kuwaambia sitaki, mkamsikiliza."

Siku hizi wapo wanaosema ya nini kufunza watu, wekeni spika ukutani yaishe. Ni rahisi, sikatai, na haidai nauli. Lakini spika haiulizi, na haioni kama mtu kafunga macho kwa raha au kwa kero. Mgonjwa aliyechoka nayo atafanya nini, naye kitandani haondoki?

Kwa hiyo, mshikaji, ukitaka kujiunga nasi, njoo. Kupiga utafunzwa. Ila ujiandae kwanza kukataliwa, ukafungasha ala yako bila kununa, ukaenda kitanda cha pili ukauliza tena.