Rektifaya: Ilivyotoka Kwenye Hesabu Ikaingia Kwenye Ladha

Mombasa ya miaka ya sabini hakukuwa na mtu aliyechagua rektifaya. Ilikufa, ikabadilishwa, basi. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyeshinda kwenye kibanda cha mjombake kila shule ilipofungwa, alizoea kuona redio za Philips na Pye zikifunguliwa mgongo, vumbi likipulizwa, na EZ80 iliyochoka ikichomolewa kwenye soketi yake ya matundu tisa. Ikipatikana mpya dukani, ilitiwa. Isipopatikana, mjomba alilehemu dayodi mbili za silikoni aina ya BY100, akaongeza rezista moja nene, na mwenye redio akaenda zake akisikiliza taarifa ya habari.

Ile rezista ilikuwa na sababu yake. Rektifaya hupokea mkondo geu kutoka kwenye transfoma na kuuruhusu kupita upande mmoja tu, maana valvu nyingine zote hutaka mkondo mnyoofu. John Ambrose Fleming, aliyeivumbua valvu ya namna hii huko London mwaka 1904, hakuwa akifikiria muziki; alitaka kunasa mawimbi ya redio. Lakini valvu hula volti njiani, nyingine nyingi, nyingine chache. Silikoni haili hata volti moja na nusu. Transfoma inayotoa volti 250 ikifungwa dayodi za silikoni, kapasita ya kwanza hupanda hadi karibu 350, na kapasita nyingi za redio zile zilikuwa za volti 350 kamili. Rezista ilikula ziada hiyo redio ikishapata moto. Zile sekunde za mwanzo, valvu zikiwa bado baridi na hakuna kinachovuta umeme, haikusaidia kitu. Ndiyo maana mjomba aliwasha redio ya namna hiyo akiwa amerudi nyuma hatua moja.

Kisha ikaletwa Leak Stereo 20.

Hii ni amplifaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1958, ya wati kumi hivi kila upande, yenye EL84 nne, ECC83 tatu na GZ34 moja ya kulisha zote. Mwenyewe alikuwa mwalimu mpenda taarab, na kilio chake ni kwamba transfoma ilikuwa haishikiki kwa moto, tena ikinuka vanishi. Mjomba alitazama juu tu akajua. Palipopaswa kukaa GZ34 palikuwa na chupa kubwa yenye mabega, 5U4G, iliyochomekwa na fundi mwingine kwa kuwa miguu inaingiliana. Na kweli inaingiliana: umeme wa kupasha moto upo kwenye mguu wa 2 na wa 8, anodi kwenye wa 4 na wa 6, kwa zote mbili. Mjomba akafungua kitabu cha Mullard kilichochakaa pembe, akaweka kucha chini ya mstari. GZ34: volti 5, ampea 1.9. 5U4G: volti 5, ampea 3.

“Transfoma haijui kukataa, mwanangu,” alisema. “Itatoa tu mpaka iungue.”

Halafu akachukua Avo, akapima volti na chupa ile ikiwa ndani, kisha na GZ34. Tofauti ilionekana wazi kwenye mshale. Kwa miliampea 225, 5U4G hupoteza volti 44 hivi. GZ34 hupoteza 17 tu. Mwalimu alifurahi transfoma ilipopoa, ila akasema jambo lililomchekesha mjomba: sauti ya mwanzo ilikuwa tulivu zaidi. Huyo ndiye mtu wa kwanza mwandishi kumsikia akidai rektifaya ina ladha.

Miaka iliyofuata hakuna aliyeuliza. Leak wenyewe walikuwa wameshatoa Stereo 30 ya transista tangu mwaka 1963. Zikaja kaseti, na valvu zikatupwa kwa makarai. Amplifaya ya mwalimu iliangukia mikononi mwa mwandishi ikiwa imefunikwa gunia.

Alipoiamsha, dunia ilikuwa imegeuka. Kulikuwa na GZ34 mpya kutoka Urusi, nyingine kutoka kiwanda cha JJ huko Čadca, Slovakia, na kuukuu za Mullard kutoka Blackburn, Uingereza, zikiuzwa bei ya kutisha. Za Philips zenye kitako cha chuma zilikuwa na bei isiyosemeka mbele ya mke. Watu wazima walijadili ipi ina “joto” na ipi ina “hewa”. Duka moja la mtandaoni lilimletea mwandishi “Mullard” yenye nembo maridadi, lakini kioo chake hakikuwa na ile alama iliyochorwa karibu na kitako, yenye herufi B ya Blackburn. Nembo huchapwa na yeyote.

Je, mwalimu alisikia kweli? Yawezekana. Volti zikipungua, EL84 hufanya kazi kwa hali nyingine, na sikio zuri litatambua. Ila kwenye Leak valvu hizo huvuta karibu umeme uleule muziki ukiwa chini au juu, hivyo rektifaya haiyumbi sana. Kuyumba kunasikika zaidi kwenye amplifaya za gitaa, na wapiga gitaa hukupenda.

Kwa hiyo mwandishi alianza na kitabu. 5Y3GT ingetosha kwa upande wa moto, ampea 2, lakini mwisho wake ni miliampea 125, na EL84 nne zikivuta 36 kila moja tayari ni 144. 5R4GY, inayosifiwa sana, ilipangiwa kapasita ya kwanza ya mikrofaradi 4, ilhali GZ34 huvumilia hadi 60. Kapasita ikizidi, kila wimbi huivuta rektifaya kwa kishindo hadi itoe cheche. Hata GZ34 ina kikomo, miliampea 250. Dynaco ST-70 ya Marekani, ya mwaka 1959, huikaribia sana kwa EL34 zake nne, na ndiyo maana wenye mashine hizo hulalamika kwamba za kisasa hazidumu.

Ikabaki GZ34 ya JJ, na chini ya soketi dayodi mbili za 1N4007, moja kwa kila anodi. Valvu ikipiga shoti, dayodi huzuia umeme usirudi kuichoma transfoma, na gharama yake kwenye mita haifiki volti moja na nusu. Silikoni iliyoifukuza valvu kwenye redio za mjomba sasa ndiyo mlinzi wake, na muziki haujui kama ipo.