Mtu Asiyeona Kando
Jirani akigonga miimo ya mlango na kuwapiga watu kikumbo njiani, upesi twasema: amelewa. Tungoje kwanza, tumtazame vema. Je, pete yake haiingii tena kidoleni? Viatu vya zamani vyambana? Taya limetokeza? Pengine ana ugonjwa ule ambao mganga Pierre Marie wa Ufaransa aliuita akromegali mwaka 1886. Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama chembe ya haragi. Ikiota uvimbe, yatia damuni homoni ya kukuza mwili kupita kiasi. Uvimbe ukipanda, wabana mishipa ya macho pale inapopishana; basi mtu aona mbele, lakini kando zote mbili zafichika. Miwani haimfai. Uvimbe ukiondolewa mapema, mara nyingi macho hupata nafuu. Sisi jirani zake tusimcheke. Tumpeleke kwa mganga upesi.