Krismasi ya bibi wa Sanje huanza na mavuno

Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara, ukishavuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu, barabara inafuata kando ya milima ya Udzungwa. Kulia ni msitu. Kushoto ni miwa, kisha mpunga, kisha miwa tena mpaka macho yachoke. Mbele kidogo, kama mvua zimeshaanza, mstari mweupe unaonekana umening'inia mlimani. Hayo ni maporomoko ya Sanje, maji yanayoanguka kwa hatua tatu, jumla ya mita 170 hivi. Kijiji chenye jina hilo kiko chini yake, na hapo ndipo mabasi ya Desemba hushusha watu wenye mabegi makubwa na watoto wenye usingizi.

Watalii wanaijua Sanje kwa maporomoko hayo. Wanasayansi wanaijua kwa kima wa Sanje, ambaye walimtambua mwaka 1979 na ambaye hapatikani popote duniani nje ya milima ya Udzungwa. Kwa mtoto wa Mbagala au Kimara, Sanje ni kwa bibi, basi.

Tumchukue bibi mmoja tu, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma upande wa juu wa barabara. Anaishi na wajukuu watatu. Mama yao yuko Dar es Salaam kwenye kazi za saluni, na hutuma hela kwa simu kila mwisho wa mwezi, mwezi ukiwa mzuri. Watoto wake wengine wako Morogoro na Ifakara. Wote wamesema watakuja Krismasi. Hesabu yake inafika watu kumi na wanne, na mtu wa kumi na tano hakosekani.

Wageni wanadhani sikukuu inaandaliwa wiki moja kabla. Kwa bibi huyu ilianza Juni, mpunga ulipokuwa unapigwa shambani. Mavuno ya bonde la Kilombero huja kati ya Mei na Julai, na wakati huo bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Wanunuzi wanapita na malori hadi mlangoni. Mwenye shida anauza wote. Bibi aliuza kiasi cha kulipia madeni, akatenga debe la mbegu na kulisukuma chini ya kitanda, akapanga magunia ya chakula juu ya chaga ili yasishike unyevu. Gunia moja alilifunga kwa kamba nyekundu, akawaambia wajukuu kwamba hilo lina wenyewe.

Sasa Desemba imefika na bei ya mpunga imepanda. Gunia lile lenye kamba nyekundu likiuzwa leo linaleta hela ya kununua sare mbili, madaftari na viatu vya mjukuu anayeingia darasa la kwanza Januari. Shule ya msingi haina ada, lakini sare hazishonwi bure. Likikobolewa, kilo 100 za mpunga zitatoa kilo 65 hivi za mchele. Kwa nyumba ya watu kumi na watano, mchana na usiku, kilo tano zinakwisha kwa siku bila mtu kuona. Wageni wakikaa siku tano, na kila nyumba ikirudi mjini na kiroba cha mchele kama ilivyo desturi, gunia limekwisha.

Mzazi anayesoma hapa akiwa mjini afikirie hilo kabla ya kupakia kiroba chake. Bibi mwenyewe hatasema. Mtoto akiondoka kwa mama yake mikono mitupu, majirani wanaona.

Kuni nazo zina historia. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vinavyopakana nayo waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Julai 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Sababu zake ziko wazi kwa yeyote anayekunywa maji yanayoshuka kutoka msitu ule. Lakini mzigo uliangukia kichwani kwa wanawake walewale. Bibi alipanda miti nyuma ya nyumba, na leo anapogoa matawi yake. Alijengewa jiko banifu la udongo, linalokula vijiti viwili pale mafiga yalipokula mzigo mzima. Tatizo ni kwamba sufuria ya wali wa watu kumi na watano haikai juu ya jiko hilo. Kwa hiyo kila Krismasi mafiga matatu yanarudi uani, na kuni za siku hiyo zimekuwa zikikusanywa tangu Oktoba, matawi ya mwembe na vipande vya mbao, vikafunikwa kwa bati bovu zisilowe.

Mwaka juzi mwanawe wa Morogoro alimletea mtungi wa gesi. Bibi alishukuru sana, akaufunika kwa kitenge. Anauwasha alfajiri tu, kuchemsha chai ya watoto wa shule. Ukiisha, kuujaza ni gharama nyingine, na hakuna aliyesema nani atalipa.

Wiki ya mwisho kabla ya wageni huenda kwenye malazi, na humo bibi ana jambo moja asilolifanyia mzaha: vyandarua. Bonde hili linajua malaria kuliko sehemu nyingi. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, imefanya humu sehemu kubwa ya utafiti wake juu ya mbu, na katika miaka ya 1990 vyandarua vyenye jina la Zuia Mbu viliuzwa madukani Kilombero na Ulanga chini ya mradi wa KINET. Bibi alinunua vyake enzi hizo. Anajua kwamba mtoto aliyezoea chumba cha mjini chenye nyavu madirishani huja kucheza uani hadi saa mbili usiku, halafu homa inampata akiwa amesharudi Dar na mama yake anadhani ni mafua ya safari. Kwa hiyo anavihesabu, anashona vilivyotoboka, na kwa watoto watatu wasiotoshewa anasogeza mkeka walale chini ya chandarua kimoja, vichwa huku na huku. Mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi mjini, apelekwe kupimwa malaria na daktari aambiwe alikuwa Kilombero.

Basi linasimama tarehe 23. Watoto wameona twiga pale Mbuga ya Mikumi na kila mmoja anataka kusimulia wa kwanza. Shikamoo zinarushwa kwa haraka, bibi anaitikia marahaba kwa kila kichwa, asimruke hata aliyebebwa mgongoni. Halafu utani unaanza.

"Mume wangu, mbona umechelewa hivi? Wali umepoa!"

Mvulana wa miaka sita anajificha nyuma ya mama yake. Dada yake anaambiwa kuwa yeye ni mke mwenza, na kwamba zamu yake ya kukuna nazi ni kesho. Kufikia jioni ameshakaa kwenye mbuzi ya kukunia, vidole vimechubuka kidogo, na hataki mtu mwingine amguse nazi yake.

Usiku wa mkesha wanakwenda misa, wadogo wakilala mapajani. Asubuhi ni vitumbua, vya mchele uleule wa kamba nyekundu, uliolowekwa na kusagwa pamoja na iliki. Sukari imenunuliwa dukani kwa bei ya dukani, ingawa viwanda vya Kilombero viko kando zote mbili za Ruaha Mkuu na miwa inaonekana ukiwa umesimama mlangoni. Mchana ni wali wa nazi, kuku wawili wa kienyeji, kambale wa kukaanga kutoka Ifakara na maembe ya kumwaga. Sahani ya kwanza iliyofunikwa kawa haiendi mezani. Inakwenda kwa jirani Mwislamu, ambaye Idi iliyopita alileta ya kwake.

Neno gumu linakuja tarehe 28 usiku. Mama wa wale watatu anaondoka na basi la alfajiri linalotoka Ifakara, na mdogo wao, wa miaka minne, hajaachia gauni lake tangu alipofika. Mama anataka aondoke wakati mtoto amelala.

"Mwamshe," anasema bibi.

"Mama, atalia."

"Alie akikuona unapanda. Ukitoroka atalia wiki nzima, na kila akiamka ataniuliza mimi. Mimi nitamjibu nini?"

Mama ananyamaza. Kisha anasema hela ya sare ataituma tarehe tano. Bibi anamwambia kiroba cha mchele kiko nyuma ya mlango, ni kidogo mwaka huu. Mama anakinyanyua kuupima uzito wake, anakirudisha chini, anasema akiache kwanza, atachukua Pasaka. Wanabishana kidogo kwa sauti ya chini. Kiroba kinabaki.

Alfajiri mtoto anaamshwa. Analia, kama walivyojua. Anamshika mama shingoni mpaka kondakta anapiga honi ya pili, na basi likiondoka anakimbia hatua chache pembeni ya lami kabla kaka yake hajamdaka. Bibi hamwambii anyamaze. Anamshika mkono, wanarudi nyumbani polepole, na mlimani maji yameongezeka kwa mvua ya usiku.

Shamba limeshalimwa na udongo umelowa. Kabla ya chai bibi anapiga magoti, anavuta lile debe la mbegu kutoka chini ya kitanda, anampa mdogo kibakuli abebe.