Hawakutulipa: Filamu Ninayoingoja

Mswahili akikutana na neno la Kiganda tebaatusasula hapati shida kubwa. Te- ni ha- yetu, -ba- ni wa-, -a- inabeba wakati uliopita, -tu- imebaki -tu-, na sasula ni kulipa. Hawakutulipa. Ni jina la filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010 ambayo imepotea, na pia la ile ya pili, Tebaatusasula: Ebola, ambayo sisi mashabiki wake tumeanza kuingoja tangu 2015.

Kwa asiyemjua: Nabwana anafanyia kazi Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Kampala, ambako mwaka 2005 alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions. Ulimwengu unapaita Wakaliwood. Bunduki zake ni mbao na vyuma chakavu, kompyuta kaiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta nyingine, na waigizaji ndio waliokuwa wakipita mlango kwa mlango kuuza diski. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu dola 200 tu, nayo imetazamwa na mamilioni ya watu kwenye YouTube. Tangu hapo kazi zake zimefika Toronto mwaka 2019, kisha Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta mwaka 2022. Wasifu na uishie hapo.

Kinachopaswa kutugusa sisi wa kitivo cha lugha ni kwamba Captain Alex ya asili haipo. Nakala iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. VJ, kwa Waganda, ni yule mtu anayefasiri filamu papo hapo katika kibanda cha video, akiongeza mzaha, akiwasifu mashujaa, akiwazomea wabaya. Huwezi kumwondoa Emmie ukabaki na filamu. Wapo wanaoota kwamba siku moja nakala safi itaokotwa katika sanduku fulani. Mimi siioti. Tunafundishwa hapa kwamba mfasiri ni kivuli cha mwandishi; basi huyu ni kivuli kilichobaki baada ya mwili kuondoka, na kinatembea vizuri tu.

Niliitazama mara ya kwanza Masisi-centre, katika sale ya video yenye kuta za mbao na jenereta iliyokohoa nyuma ya ukuta. Waigizaji walisema Kiganda, Emmie akasema Kiingereza juu yao, na yaya wangu, aliyekuwa mfasiri wa sale ile, akasema Kiswahili juu ya wote. Hakujua Kiganda. Kiingereza alikijua nusu. Ilipotokea helikopta ya kompyuta kulipua Kampala, akatangaza kwamba rubani anatafuta pa kutua, maana Kilambo kumejaa. Watu walicheka mpaka mabenchi yakayumba. Aliyefika Walikale anajua sababu: kule Kilambo ndege za kubeba madini zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara, magari yakingoja pembeni. Emmie hakusema neno hilo, wala Nabwana. Sasa niambieni, filamu tuliyoiona usiku ule ilikuwa ya nani?

Kuna jambo jingine kuhusu filamu hiyo. Kapteni Alex anauawa, ndugu yake anakuja kumtafuta muuaji, risasi zinalia hadi mwisho, na muuaji hatajwi. Mashabiki wa Ulaya na Marekani wanalifanya jambo hilo kichekesho. Kule kwetu mzee mmoja aliinuka taa zilipowaka, akajikung'uta koti, akasema, "Hii ni ya Masisi kabisa," akaenda zake.

Nimeambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba ni aibu kwa mtoto wa Masisi kucheka bunduki za mbao wakati za chuma zimemfukuza nyumbani. Ninaelewa anachosema. Lakini tazama filamu tulizopigwa sisi. Frank Piasecki Poulsen, Mdenmarki, alifika mgodi wa Bisie, Walikale, akatoa Blood in the Mobile mwaka 2010. Richard Mosse, raia wa Ireland, alipiga vita vya Kivu kwa filamu ya infraredi inayogeuza kijani kuwa waridi, na The Enclave ikaonyeshwa Venice mwaka 2013. Ni kazi za watu makini, sizibezi. Ila katika zote mbili sisi ni watu wa kuhurumiwa, na mtu wa kuhurumiwa haruhusiwi kuwa mchekeshaji. Yaya wangu asingepata nafasi ndani yake.

Ndiyo maana ninaingoja ile ya Ebola kuliko zote. Machi 2015 Nabwana aliomba msaada wa dola 160 kupitia Kickstarter. Watu zaidi ya 370 wakachanga zaidi ya dola 13,000. Wakati huo Ebola ilikuwa habari ya Afrika Magharibi. Kisha ikaja kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Kivu Kaskazini, ikaenea hadi Ituri, na ilipotangazwa kuisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Mwaka 2019 ilifika Pinga, Walikale. Yaya alichukuliwa huko kufasiri matangazo: nawa mikono, usiguse maiti, piga simu. Aliyafasiri kwa sauti ileile ya sale ya video, na watu walisimama kumsikiliza, jambo ambalo kipaza sauti cha gari hakikuliweza. Kazi ilipokwisha, miezi yake miwili ya mwisho hakulipwa. Waliomwajiri walikuwa wameshapanda magari yao.

Nilipomweleza maana ya tebaatusasula alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama huyo Mganda alipita Pinga.

Ebola kwetu imesemwa kwa lugha mbili tu, ya ripoti na ya mahubiri. Uvumi, hofu, wivu wa magari meupe, watu walioita janga lile biashara, vyote hivyo vina vichekesho vichungu ambavyo ripoti haivibebi. Nabwana angeviweza. Mimi mpaka leo nimeona trela tu, kama nilivyoona trela ya Eaten Alive in Uganda, ile ya wala watu. Wakaliga trela ni sanaa kamili, wakati mwingine nashuku ni tamu kuliko filamu yenyewe. Simlaumu. Mtu anayefuta kazi ya jana apate nafasi ya kazi ya kesho kwenye diski hawezi kupangiwa ratiba na shabiki aliyekaa na simu, ingawa waliochanga mwaka 2015 wana haki ya kulitamka lile jina kwa utani.

Mwaka 2021 yaya alihamia Mubi, kwa wachimbaji wenye hela ya kiingilio. Mwanzoni mwa 2025 M23 iliingia Masisi-centre, kisha Goma, na Machi ikafika Walikale-centre. Kwa majuma kadhaa simu yake haikupatikana. Alipopatikana alinisalimu, akauliza habari za mama, kisha:

"Na filme ya Ebola, ilishatoka?"

"Bado, yaya. Ni trela tu."

"Ya dakika ngapi?"

Nikamwambia ni fupi sana.

"Tuma hiyo kwanza. Nitairefusha."

Nimeiweka kwenye kadi ya memori, nikampa dereva wa lori aendaye huko.