Tembo wa Tabora na Hela za Kiwanja

Kuna neno tunalitamka kila siku bila kujiuliza limetoka wapi: hela. Mwisho wa mwezi tunaulizana kama hela imeingia. Mkikosana na mwenzio ndani ya nyumba, mara nyingi chanzo ni hiyo hiyo hela. Basi neno lenyewe lilikuja na Wajerumani. Kuanzia mwaka 1904 rupia yao moja iligawanywa kwa heller 100, na babu zetu wakalilainisha jina likawa hela. Wajerumani wakaondoka, sarafu zao zikafa, neno likabaki mdomoni.

Hayo niliyakumbuka mwezi uliopita nikiwa Tabora, mahali ambapo mimi na mume wangu tulikaribia kuharibiana siku tatu za likizo kwa sababu ya hela. Nakusimulia ili wewe na wako mkicheka, mcheke mkiwa mmejifunza.

"Usikasirike kwanza"

Tulikuwa tunaenda kumsalimia mama mkwe. Kutoka Dar hadi Dodoma tulipanda treni ya SGR, safi, kiyoyozi kinapuliza, mtu anafika hata hajakunjamana shati. Kutoka hapo tukachukua basi la kupitia Manyoni na Itigi. Ukishaipita Itigi ni msitu na anga, na wauza asali pembeni ya barabara. Ni sehemu nzuri sana ya kuongea na mtu unayempenda, maana simu zinakata mtandao na hakuna pa kukimbilia.

Hapo ndipo mume wangu akasema, "Mke wangu, kuna kitu nataka kukwambia. Usikasirike kwanza."

Walioolewa wenzangu mnajua sentensi hiyo huwa inafuatiwa na nini.

Akaniambia kuna kijana Tabora, anafahamiana na binamu yake, ana sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye picha ya tembo. Anaiuza milioni mbili na nusu kwa sababu ana shida. Na yeye, baba mwenye nyumba, ameshatuma advansi ya laki nne. Kutoka wapi? Kutoka kwenye akaunti yetu ya kiwanja, ambayo tumeijaza kwa miaka miwili, mwezi kwa mwezi, tukijinyima hata nyama choma za Ijumaa.

"Huu ni uwekezaji," akasema. "Viwanja vina migogoro. Dhahabu haina mgogoro."

Nikanyamaza. Nikaangalia msitu mpaka Tabora.

Mji wa maembe na reli

Kama hujawahi kufika Tabora, jipange. Siyo mji wa kelele. Miembe ni mikubwa kama maghorofa, na watu husema mingi ilitokana na misafara iliyopita hapa ikielekea Ujiji. Misafara hiyo ilibeba vitambaa, shanga na waya wa shaba, na vitu hivyo ndivyo vilikuwa pesa yenyewe. Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo nyumba ya makumbusho ambako Livingstone alikaa mwaka 1872. Ipo Tabora Boys, alikosoma Mwalimu Nyerere. Ipo boma ya Mjerumani, na lipo jengo la stesheni la enzi hizo hizo, limesimama kama mzee aliyekataa kustaafu.

Reli ilifika hapa mwaka 1912, na hadithi ya tembo wa dhahabu inaanzia kwenye reli hiyo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, meli za Waingereza ziliziba pwani. Sarafu mpya kutoka Ujerumani hazikuweza kuingia, na serikali ya koloni ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa. Wakachapa noti za muda. Mwaka 1916 wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe hapa Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli: hela 5 na hela 20 za shaba, zenye herufi ndogo T kwa ajili ya Tabora.

Halafu ikaja dhahabu. Ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba. Wakapiga sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Nikiri jambo moja. Niliposoma hayo usiku ule kwenye simu, nami moyo ulidunda kidogo. Sarafu elfu kumi na sita na ushee, zilizopigwa kwenye mji huu huu, katikati ya vita! Kwenye minada ya Ulaya na Marekani moja ikiwa safi hufika dola elfu kadhaa. Nikamwangalia mume wangu alivyolala nikaona labda namwonea.

Ila swali moja likanikataza usingizi. Kama kitu kinauzwa dola elfu kadhaa, na kila mwenye simu anaweza kuiona bei hiyo, kwa nini kijana huyu atuuzie sisi kwa milioni mbili na nusu?

Kwa sonara

Asubuhi, baada ya "mwangaluka" za majirani na uji wa uwele, tulimkuta kijana karibu na soko. Mpole, ana adabu, shikamoo nyingi. Sarafu ameifunga kwenye leso. Akaifungua, na tembo akang'aa kweli kweli.

Aling'aa mno. Kitu cha mwaka 1916 kilichopita mikono ya watu kinang'aa kama bangili ya juzi?

Nikasema, "Mdogo wangu, twende kwa sonara tukaipime, tukirudi tunamalizana."

Akasema yeye ana haraka. Mume wangu akanikazia macho. Nami nikayakaza ya kwangu. Tukaenda, kijana akitufuata hatua kumi nyuma.

Sonara ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakuuliza maswali. Akaiweka kwenye mizani ndogo ya kidijitali, na namba zikatulia kwenye gramu 4.1.

"Kitu cha ukubwa huu kikiwa dhahabu lazima kiwe kizito," akasema. "Hii ni shaba ya manjano, imepakwa maji ya dhahabu. Kazi nzuri, lakini shaba."

Tulipogeuka, kijana hayupo. Simu yake hadi leo haipatikani.

Mume wangu hakusema kitu njia nzima. Nami, niseme ukweli, nilikuwa na maneno mengi mazuri yamejipanga mdomoni. Nilijizuia kwa sababu niliuona uso wake. Hakuwa mwanaume aliyeibiwa laki nne tu. Alikuwa mwanaume aliyetaka kurudi kwao na kumwonyesha mkewe kwamba na yeye anaweza kuleta kitu kikubwa nyumbani, na kikageuka shaba mbele ya macho yake.

Kopo la mama mkwe

Jioni mama mkwe alitupikia ugali na nsansa za karanga. Akatuona tunakula kama watu wa msibani.

"Mna nini nyie?"

Mume wangu akamweleza, mwenyewe, bila kujitetea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia chumbani akarudi na kopo la zamani la kahawa. Ndani, kati ya vifungo na sindano, akatoa sarafu nyeusi-nyeusi, pana, nzito kidogo. Nikaisogeza kwenye taa. Taji, herufi D.O.A., mwaka 1916. Upande wa pili, hela 20.

"Babu yake baba mkwe wako alifanya kazi reli," akaniambia. "Alilipwa hizi, mfuko mzima. Walipokuja wengine, dukani zikakataliwa. Mfuko mzima, mwanangu, haukununua hata chumvi. Akabakiza hii moja, akasema wajukuu waione."

Tukakaa kimya. Kwa kumbukumbu ya familia, yule mzee aliamka tajiri akalala maskini, na hakuibiwa na mtu. Serikali ilibadilika, kisha mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, hela zikabaki kwenye makopo.

Hela 20 za Tabora zilipigwa nyingi sana, na zilizochakaa kama ya mama haziuzwi bei ya kutisha. Hainunui kiwanja, hainunui hata tairi la gari. Lakini ni ya kweli.

Je, sarafu ni uwekezaji?

Niliporudi Dar niliamua kulifuatilia jambo hili, maana najua siyo sisi tu. Vijana wenye mishahara wanatafuta pa kuweka akiba, na hadithi za sarafu adimu zinazunguka kila kona. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

*Uzee siyo uadimu.* Ukienda Mji Mkongwe, Unguja, utaonyeshwa riale ya fedha ya Maria Theresa yenye mwaka 1780. Ni kweli imeandikwa 1780, lakini zimeendelea kupigwa na mwaka huo huo hata baada ya karne mbili. Vile vile senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 ina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa. Hadithi tamu, lakini senti hizo zilikuwa nyingi na bei yake ni ndogo.

*Tofautisha bei ya madini na bei ya hamu.* Ile rupia 15 halisi ina takriban gramu 5.4 za dhahabu tupu. Oktoba 2025 dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza, madini yaliyomo yalikuwa na thamani ya karibu dola 690. Kinachozidi hapo ni hamu ya wakusanyaji, na hamu hupanda na kushuka kama mapenzi. Kama unataka dhahabu, nunua dhahabu kwa uzito. Kama unataka historia, lipia historia ukijua unalipia nini.

*Sarafu haizai.* Hati fungani ya serikali inakulipa riba kila baada ya miezi 6. Nyumba inaleta kodi. Sarafu inakaa kwenye droo ikikusubiri umpate mnunuzi, na mnunuzi makini wa sarafu za hapa mara nyingi yuko ng'ambo. Mfanyabiashara anayekuuzia kwa mia moja, kesho ukimrudishia hatakupa mia moja, maana na yeye anakula hapo katikati.

*Usiisafishe.* Ukiikuta sarafu ya bibi, usiipake majivu wala ndimu. Mkusanyaji anataka ngozi yake ya asili, na ukiisugua umeipunguzia bei kwa mkono wako mwenyewe.

*Pima kabla ya kulipa.* Uzito na ukubwa wa sarafu nyingi vinajulikana. Mizani ya sonara ingetuokolea laki nne. Kwa sarafu za bei kubwa, kampuni kama NGC na PCGS za Marekani huzikagua na kuzifunga kwenye kasha lenye namba. Muuzaji mwenye haraka kuliko wewe, mwache aende na haraka yake.

*Tazama sheria.* Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya masultani wa Kilwa iliyookotwa ufukweni siyo ya kwenda nayo sokoni.

Je, hakuna cha kununua? Kipo. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kuhifadhi wanyamapori: twiga kwenye shilingi 25, faru kwenye 50, zote za fedha, na duma kwenye 1,500 ya dhahabu. Zile senti za 1966 zenye samaki, mbuni na sungura bado zimo kwenye makopo ya wazee wetu. Anza na hizo, kwa hela ambayo ikipotea hamtagombana.

Tulichokubaliana

Kwenye basi la kurudi, tulipofika kwenye ule msitu wa Itigi, mume wangu akasema, "Nisamehe. Siyo kwa kuibiwa. Kwa kutokukwambia."

Hiyo ndiyo laki nne niliyokuwa naidai.

Tumekubaliana mambo mawili. Kwenye akaunti ya kiwanja hakuna anayetoa hata shilingi kabla mwenzake hajajua. Na kila mwaka tunatenga kiasi kidogo cha kuchezea, yeye kwenye sarafu zake, mimi kwenye vitenge vyangu, bila mtu kumuuliza mwenzake.

Mama mkwe alitupa ile hela tuondoke nayo. Nilikataa, akanifunga vidole juu yake. Sasa ipo kwenye kabati la sebuleni, juu ya bahasha ya risiti za kiwanja. Mgeni akiuliza ina thamani gani, mume wangu ndiye anayejibu, na hasahau kutaja gramu 4.1.